Ravi Varma, Mchoraji wa Bara Hindi



Yule kati yenu aliyepata kusafiri hata Dar es Salaam au Mombasa, akaingia katika duka la Mhindi wa dini ya Kihindu kununua kitambaa au sufuria, labda aliona picha imetundikwa ukutani juu ya meza ya fedha. Ni picha ya mwanamke mzuri aliyevaa sari, amesimama juu ya ua kubwa la yungiyungi katikati ya maji. Mikono yake ni minne. Kando yake yupo tembo. Mbele ya picha pengine huwekwa maua, na ubani hufukizwa asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa kwa wanunuzi. Mwanamke huyo ni Lakshmi, ambaye Wahindu humheshimu kuwa mungu wa kike wa mali na heri.

Siandiki leo ili kuwafundisha dini ya Wahindu. Nataka kuuliza swali ambalo mtoto angeliuliza: ni nani aliyeanza kumchora hivyo? Kwa maana katika mahekalu ya kale ya Bara Hindi, Lakshmi amechongwa katika mawe tangu zamani sana, lakini yule wa mawe hafanani na huyu wa dukani. Huyu wa dukani ana uso wa mtu. Ngozi yake ina mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili, nguo yake ina mikunjo kama nguo ya kweli, na nyuma yake maji na miti hufifia kwa mbali. Ufundi wa namna hiyo ulitoka Ulaya, na mambo yenyewe yaliyochorwa ni ya Kihindu. Mtu aliyeyaunganisha hayo mawili, hata yakaingia katika nyumba za maskini, aliitwa Ravi Varma.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1848 katika jumba la Kilimanoor, nchi ya Travancore, kusini kabisa mwa Bara Hindi. Siku hizi sehemu kubwa ya nchi hiyo imo katika jimbo la Kerala. Ni nchi ya minazi, ya mito na mvua nyingi. Tena ni nchi yenye Wakristo wengi, ambao mapokeo yao husema kwamba Mtume Tomaso mwenyewe alifika pwani yao. Lakini ukoo wa Ravi Varma ulikuwa wa Kihindu, tena ukoo mkubwa, uliozoea kuoana na jamaa ya mfalme wa Travancore. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, na mama yake alitunga mashairi.

Inasimuliwa kwamba mtoto huyo, angali mdogo, aliokota makaa jikoni akachora wanyama na watu katika kuta nyeupe za jumba. Watumishi walikasirika, kwani kazi ya kusafisha ilikuwa yao. Lakini mjomba wake, Raja Raja Varma, alikuwa mchoraji yeye mwenyewe. Alipopita alisimama mbele ya ukuta, akatazama, wala hakumpiga mtoto. Akampa karatasi na rangi. Wazazi mnaosoma ukurasa huu, naomba mmkumbuke mjomba huyo siku mtakapokuta ukuta wenu umechafuliwa!

Mwaka 1862, kijana akiwa na miaka 14, mjomba alimpeleka Trivandrum, mji wa mfalme. Mfalme wa siku zile, Ayilyam Thirunal, alipenda muziki na picha. Akamkubali kijana akae karibu na jumba lake ajifunze. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Ni lazima nieleze kidogo habari za rangi, maana bila hayo hamtaelewa taabu yenyewe. Wachoraji wa kusini mwa Bara Hindi walizoea rangi zilizochanganywa na maji na gundi. Rangi ya namna hiyo hukauka upesi. Mchoraji hupaka sehemu moja nyekundu, sehemu nyingine kijani, kisha huizungushia mstari. Wale wa Tanjore, ambao mjomba alifuata ufundi wao, walitia hata dhahabu na vipande vya kioo juu ya picha, na miungu yao hung'aa kama vito. Ni kazi nzuri sana, lakini si kazi ya kuonyesha mwili wa mtu kama macho yanavyouona. Wazungu walitumia rangi iliyosagwa katika mafuta. Rangi ya mafuta hukauka polepole, siku nyingi. Kwa hiyo mchoraji aweza kuirudia, kuichanganya juu ya kitambaa chenyewe, kuvuta mwanga taratibu mpaka uwe kivuli bila mstari kuonekana. Shavu la mtoto, jasho juu ya paji la uso, hariri inayoteleza begani: hayo ndiyo mambo ya rangi ya mafuta.

Katika jumba la Trivandrum alikuwako mchoraji mmoja aliyejua ufundi huo, Ramaswamy Naicker. Alipoona mkono wa kijana, aliogopa. Akakataa kumfundisha. Yasemekana kwamba mwanafunzi wa mchoraji yule, jina lake Arumugham Pillai, alimwendea Ravi Varma kwa siri akamwonyesha machache aliyoyajua. Kisha mwaka 1868 akaja mchoraji kutoka Ulaya, Theodore Jensen, kuwachora mfalme na jamaa yake. Ravi Varma aliomba kufundishwa. Yule mgeni naye hakutaka. Alikubali tu kwamba kijana asimame na kumtazama anapofanya kazi.

Basi, alisimama akatazama. Hakuna aliyemwambia ni mafuta gani huchanganywa na rangi gani, wala kwa nini rangi nyeusi ikipakwa mapema hupasuka baadaye. Aliyaona kwa macho, akarudi chumbani kwake, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Wako wanafunzi wanaodhani kwamba asiyepata mwalimu mwema amekwisha kupotea. Ravi Varma alikuwa na walimu wawili waliomnyima, akajifunza kwa wote wawili.

Kulikuwa na kizuio kingine, nacho kilitoka kwa watu wake mwenyewe. Kupokea fedha kwa kazi ya mikono hakukuwa jambo la mtu wa ukoo wake. Kuchora kwa kujifurahisha, hayo yaliruhusiwa. Lakini kuchora kwa mshahara ilikuwa kazi ya mafundi wa daraja la chini. Mnamo mwaka 1870 alihiji hekalu la Mookambika, akafunga na kusali. Tangu wakati ule alianza kuchora watu kwa malipo, waziwazi, bila kuona haya. Kwetu neno hili laonekana dogo. Katika nchi iliyowagawanya watu kwa vyeo vya kuzaliwa hata wengine hawakuruhusiwa kupita njia moja na wengine, lilikuwa neno kubwa.

Sifa zilikuja upesi. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinayar akijipamba nywele kwa maua ilipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Madras, na mwaka ule ule ikapewa tuzo katika maonyesho makubwa ya Vienna, huko Austria. Mwaka 1876 gavana wa Madras, Duke wa Buckingham, alinunua picha yake ya Shakuntala akiandika barua. Mwaka 1893 picha zake kumi zilipelekwa Chicago, Marekani, zikarudi na medali. Yeye mwenyewe hakwenda. Desturi ya watu wa daraja lake ilikataza kuvuka bahari, na maisha yake yote hakuiona Ulaya, wala nyumba zile za picha ambazo ufundi wake ulizaliwa humo.

Nimelitaja jina la Shakuntala. Hadithi yake ni ya kale, imo katika Mahabharata, kitabu kikubwa cha Wahindu, na mshairi Kalidasa aliifanya mchezo wa kuigiza miaka mingi sana iliyopita. Shakuntala ni msichana aliyelelewa msituni kati ya watawa. Mfalme Dushyanta, akiwinda paa, anamkuta. Wanapendana, wanaoana kwa siri, mfalme anamwachia pete, anarudi mjini. Msichana anakaa akimwaza mume wake hata hamsikii mtawa mmoja mkali anayebisha mlangoni. Mtawa anamlaani: yule unayemwaza atakusahau. Na kweli, Shakuntala anapofika mbele ya mfalme hali ana mimba, mfalme hamjui. Pete ingalimkumbusha, lakini ilikuwa imeanguka majini njiani. Mvuvi ndiye anayeikuta baadaye tumboni mwa samaki.

Mchoraji mwingine angelichagua hukumu mbele ya kiti cha mfalme, au mvuvi na samaki wake. Katika picha yake inayojulikana kuliko nyingine za hadithi hii, Ravi Varma alichagua kitu kidogo kabisa. Wasichana wanatembea msituni. Shakuntala amesimama, ameshika bega la mwenzake, ameinua mguu mmoja kama mtu anayetoa mwiba. Lakini macho yake hayatazami mguu. Anatazama nyuma. Hakuna mwiba, anataka kumwona tena yule aliyebaki kati ya miti. Mfalme mwenyewe hayumo katika picha. Kila msichana wa kijiji, awe wa Kerala au wa Kivu, analijua tendo hilo, na kila mama aliyewahi kumtuma binti kisimani analijua pia. Hapo ndipo nguvu ya mchoraji huyu: aliwatwaa watu wa hadithi takatifu za kwao, akawapa miguu inayokanyaga ardhi.

Tena alijua kuchora mambo ya kutisha. Katika Ramayana, Ravana mfalme wa mashetani anamwiba Sita, mke wa Rama, na kumchukua angani. Ndege mzee aitwaye Jatayu anajaribu kumzuia. Katika picha ya Ravi Varma, Ravana ameinua upanga, bawa la ndege limekwisha kukatwa, na Sita amejifunika uso kwa mkono asione. Ni mkono huo unaomshika mtazamaji.

Baada ya kifo cha Ayilyam Thirunal mwaka 1880, Ravi Varma hakupata tena upendeleo ule ule katika nyumba ya Travancore, akaanza kuzunguka. Alisafiri pamoja na mdogo wake, C. Raja Raja Varma, aliyezaliwa mwaka 1860, naye mchoraji. Jina lake lafanana na la mjomba, msiwachanganye. Ndugu hawa wawili walikuwa kama mikono ya mtu mmoja. Mdogo alijua sana kuchora milima, miti na mawingu, na mara nyingi yeye ndiye aliyechora mandhari nyuma ya watu waliochorwa na kaka yake. Aliandika pia kila siku habari za safari na kazi zao, na kwa hiyo twajua mengi.

Mfalme wa Baroda, Sayajirao Gaekwad, alimwagiza picha kumi na nne za hadithi za Kihindu kwa ajili ya jumba lake jipya. Zilimalizika mwaka 1890. Lakini kabla ya kushika brashi, Ravi Varma alipaswa kujibu swali ambalo labda hamkulifikiri: mungu wa kike wa Kihindu huvaa nini? Wahindi wa kusini walivaa namna moja, wa Bengali namna nyingine, wa Punjab namna nyingine kabisa. Vitabu vya kale havisemi sana juu ya nguo, na sanamu za mawe mara nyingi hazina nguo ila mapambo. Ndugu wawili walisafiri kaskazini wakitafuta. Mwishoni alichagua sari. Sita, Damayanti, Saraswati mwenye zeze lake kubwa na tausi wake, wote aliwavika nguo ambayo mwanamke yeyote wa Bara Hindi angeweza kuitambua.

Fikirini wakati ule. Waingereza walikuwa wakitawala nchi nzima. Mwaka 1885 wenyeji walikuwa wameanzisha mkutano wao wa taifa, ule wa Congress, na watu wa lugha nyingi walikuwa wakianza kujiita kwa jina moja. Mnamo mwaka 1889 Ravi Varma alichora wanawake kumi na mmoja wapigao muziki, kila mmoja na mavazi ya kwao, wameketi na kusimama pamoja kama jamaa moja. Hakuandika hotuba yoyote. Lakini mtu aliyetazama picha ile aliona nchi ambayo katika ramani ya siasa ilikuwa bado haijakuwako.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko medali zote. Picha za rangi ya mafuta hukaa katika majumba. Nani angeziona? Wafalme na wageni wao. Waziri mmoja mashuhuri, T. Madhava Rao, aliyewahi kuhudumu Travancore na Baroda, alimshauri Ravi Varma azipeleke picha zake Ulaya zipigwe chapa ili watu wengi wazipate. Ravi Varma aliwaza, kisha akafanya zaidi ya alivyoshauriwa: mwaka 1894 alifungua kiwanda cha chapa hapa hapa nchini mwake, mjini Bombay. Mitambo ilitoka Ujerumani, na mafundi Wajerumani walikuja nayo.

Ninyi vijana wa shule mtapenda kujua namna kazi ilivyofanyika. Walitumia jiwe la chokaa, laini na sawasawa kama meza. Fundi huchora juu ya jiwe kwa kalamu yenye mafuta, kisha hulilowesha maji. Mahali palipo na mafuta hukataa maji, na mahali pasipo na mafuta huyanywa. Wino wa chapa, ambao nao una mafuta, ukipitishwa juu ya jiwe hushika palipochorwa tu. Karatasi hukandamizwa juu yake, na picha huhamia. Lakini jiwe moja hutoa rangi moja tu. Picha ya Lakshmi ina rangi nyingi: ya ngozi, ya sari, ya maji, ya majani, ya kivuli. Kila rangi ilitaka jiwe lake, na kila karatasi ilipita chini ya mtambo mara nyingi, ikiwekwa pale pale pasipo kusogea hata unene wa uzi. Ikisogea kidogo, mdomo wa mungu huenda shavuni. Mwisho karatasi ilipakwa dawa ya kung'arisha, ionekane kama picha ya mafuta yenyewe. Picha ya kwanza kutoka katika mitambo hiyo ilikuwa ile ya kuzaliwa kwa Shakuntala.

Kwa ufundi wa namna hii hii, miaka ile ile, viwanda vya Ulaya vilipiga chapa picha za Moyo Mtakatifu wa Yesu na za Bikira Maria, zile ambazo wamisionari walizileta kwetu na ambazo babu zetu walizitundika katika nyumba za udongo. Kwa hiyo tusimcheke mwenye duka. Nyumba yake na yetu zilipata picha kwa mtambo mmoja.

Watu walizinunua mno. Wanawake walizipamba kwa vipande vya hariri, nyuzi za dhahabu na shanga, wakamvika mungu wa karatasi sari ya kweli. Wafanyabiashara wakazitia katika kalenda na vibandiko vya bidhaa. Na hapa natamani msomaji asimame kidogo. Katika Bara Hindi ya wakati ule, watu wa daraja za chini walikatazwa kuingia katika mahekalu mengi. Walizaliwa, wakasali, wakafa nje ya ukuta. Sanamu iliyokuwa ndani hawakuiona kamwe. Sasa mtu wa namna hiyo aliweza kununua sokoni karatasi, akaitundika katika kibanda chake, wala hapakuwa na bawabu wa kumfukuza.

Kwa habari ya fedha, kiwanda hakikumletea mwenyewe heri ya Lakshmi. Madeni yalizidi. Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, wafanyakazi wakakimbia, na kiwanda kikahamishwa nje ya mji, karibu na Lonavala. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ravi Varma alikiuza kwa fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher. Huyo alikiendesha kwa faida kubwa, na kiliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya wote wawili, hata kikateketea kwa moto mwaka 1972. Kijana mmoja aliyejifunza kazi ya chapa huko, Dadasaheb Phalke, aliacha picha zisizosogea akatafuta zinazosogea: mwaka 1913 alionyesha filamu ya Raja Harishchandra, ambayo wengi huihesabu kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Bara Hindi. Mfalme Harishchandra, aliyepoteza yote kwa kushika neno lake, alikuwa amekwisha kuchorwa na Ravi Varma.

Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilimpa medali ya dhahabu ya Kaiser-i-Hind. Januari 1905 mdogo wake akafa. Ravi Varma aliendelea na kazi peke yake, mwenye huzuni, akafa huko Kilimanoor alikozaliwa, tarehe 2 Oktoba 1906.

Hakuzikwa bado katika kumbukumbu za watu, maneno makali yakaanza. Sister Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyefuata dini ya Kihindu, na msomi Ananda Coomaraswamy walisema kwamba miungu ya Ravi Varma si miungu. Ni wachezaji wa jukwaani waliovikwa taji. Walisema ameacha hazina za kale za kwao akaazima macho ya Wazungu. Huko Calcutta, Abanindranath Tagore na wanafunzi wake walirudia rangi za maji, mistari ya zamani na ufundi wa Asia.

Je, walisema kweli? Nakubali kwamba baadhi ya picha zake zina udhaifu huo. Wako wafalme wake wanaosimama kama mtu anayengoja kupigwa picha, na machozi mengine ni ya mchezo. Tena karatasi za kiwanda, hasa zile za baadaye, zina rangi za kelele. Lakini siwezi kukubali kwamba aliyejifunza ufundi wa mgeni amekuwa mgeni. Kinanda chatoka Ulaya, nasi twaimba nacho nyimbo ambazo Ulaya haikuzijua. Shakuntala anayegeuka nyuma si Mzungu aliyevikwa sari. Na wale walioshtaki walikuwa wasomi waliokuwa huru kuchagua hekalu lipi waingie.

Ugomvi huo uliwagusa hata Wakatoliki. Angelo da Fonseca, Mkatoliki wa Goa aliyezaliwa mwaka 1902, alijifunza katika shule hiyo ya Bengali, kisha akamchora Bikira Maria kama mama wa Kihindi, mwenye sari. Wako waumini wa Goa waliokasirika sana, wakiona kwamba Mama wa Mungu ameshushwa. Akaondoka akaenda kuishi Pune, akaendelea kuchora huko hata kufa kwake mwaka 1967. Ravi Varma alilaumiwa kwa kuwavika watakatifu wa kwao ufundi wa Kizungu. Fonseca alilaumiwa kwa kumvulia Maria nguo za Kizungu. Mchoraji gani aweza kuwapendeza watu?

Leo serikali ya Bara Hindi huhesabu picha za Ravi Varma kuwa hazina ya taifa; tangu mwaka 1979 sheria inakataza kuzitoa nje ya nchi. Nyingine zaonekana Trivandrum, nyingine Baroda na Mysore.

Limebaki jambo moja, nalo si la picha. Katika nyumba ya kifalme ya Travancore, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Aliyerithi kiti hakuwa mwana wa mfalme bali mwana wa dada yake. Wasomaji wetu Wababemba wa Katanga hawatashangaa. Ikatokea kwamba nyumba hiyo ilikosa wasichana, na bila wasichana hakuna warithi. Mwaka 1900 walichukuliwa binti wawili wadogo wa ukoo wa karibu wafanywe watoto wa nyumba ya mfalme. Wote wawili walikuwa wajukuu wa Ravi Varma. Mmoja wao, Sethu Parvathi Bayi, alimzaa mwaka 1912 mtoto wa kiume, Chithira Thirunal, naye akawa mfalme. Tarehe 12 Novemba 1936, akiwa na umri wa miaka 24, kitukuu huyo wa mchoraji alitia mkono wake katika tangazo kwamba tangu siku ile hakuna Mhindu wa Travancore, wa daraja lolote, atakayezuiwa kuingia katika mahekalu ya serikali. Milango ikafunguliwa, na watu ambao baba zao walisimama nje ya ukuta wakaingia ndani.